Ukuta wa nyuma wa mashua umeoza: tununue mbao gani?

Wandugu wanachama, siku moja ya soko hapa Alimbongo walipanda wavuvi wawili kutoka Vitshumbi. Walikuwa na samaki wa chumvi na ombi moja: wauziwe mbao za mkaratusi. Koperative yao iko na mashua ya fiba, ile iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na rezini, na ukuta wake wa nyuma unaobeba motere ulikuwa umeanza kucheza. Walisikia kwamba huku juu mikaratusi imejaa kila kilima. Walikuwa tayari kulipa nusu kwa pesa, nusu kwa samaki.

Kwa koperative ya viazi hiyo ni biashara nzuri. Miti iko, wenye msumeno wako, na wakati barabara iko wazi, gari linaloteremsha kabichi na viazi mpaka Kanyabayonga na Rwindi linaweza kubeba na mbao. Lakini mama mmoja, mweka hazina, akauliza mbele ya kushika pesa: "Na ule ubao ukipasuka katikati ya ziwa, watasema nani aliuza?" Ndipo wakatuita sisi wa kilimo.

Kweli sisi tulisomea udongo na mimea, hatukusomea mashua. Lakini ubao ni mti, na kinachoozesha ubao ni kuvu, ndugu ya wale wanaotuharibia viazi ghalani. Kwa hiyo tuliteremka kwenda kuangalia.

Motere ya farasi 15 ina uzito unaopita kilo 30. Hiyo yote inaning'inia kwenye ukuta mmoja. Ikivuta, inausukuma ukuta mbele; wimbi likipiga, inaurudisha nyuma. Ziwa Edward linajulikana kwa upepo wake wa ghafula, na viboko wako. Ukuta ukikatika, motere inazama, maji yanaingia kwa nyuma, na waliomo ndani hawana tena kitu cha kuwarudisha pwani.

Kwa macho, ukuta ule ulikuwa mzuri. Rangi ilikuwa safi. Hapo ndipo mashua ya fiba inadanganya watu: ukuta wa nyuma si fiba tupu, ni ubao uliofungwa katikati ya ngozi mbili za fiba, sawa na nyama ndani ya sambusa. Ngozi haiozi. Ubao ndio unaoza ndani, na hakuna anayeuona. Tuligonga kwa mpini wa nyundo kutoka juu kwenda chini. Juu sauti ilikuwa kavu na kali, lakini karibu na tundu la kutolea maji ikawa nzito, kama kugonga gunia la maharage mabichi. Kiisha fundi akatoboa tundu dogo la milimita 6 kutoka ndani. Unga uliotoka ulikuwa mweusi na maji yakafuata. Hapo hatukuhitaji tena kubishana.

Maji yalipitia wapi? Kwenye matundu ya bulon za motere. Yalitobolewa siku motere ilipofungwa, na hakuna aliyeyaziba ndani. Kuvu wa kuozesha mti huhitaji unyevu unaopita hivi asilimia 20, pamoja na hewa kidogo, na tundu moja la bulon linaleta vyote viwili. Maji ya mvua na ya ziwa ni mabaya kuliko ya bahari, maana chumvi nyingi huwazuia kuvu hao.

Basi, mbao. Kwanza ule mkaratusi wetu. Ni mgumu, hakuna anayebisha, na kwa nguzo na paa tunausifu kila mwaka. Lakini unapokauka unajikunja, unapasuka, unapungua upana sana, na ukipata maji unavimba tena. Ndani ya fiba isiyonyooka, ubao wa namna hiyo unajibandua wenyewe. Tena mbao zilizokuwa zinauzwa sokoni siku ile zilikuwa za miti iliyoanguka juma lililopita. Tulikata kipande, tukakipima kwenye mizani ya kupimia mbegu, tukakikausha juu ya jiko mpaka uzito ukaacha kushuka. Ninyi mnaweza kufanya hesabu hiyo hiyo: kipande kikiwa gramu 500 kibichi na 400 kikavu, maji yaliyotoka ni 100, na 100 juu ya 400 ni asilimia 25. Ubao wa kugundisha unatakiwa kuwa chini ya 15. Chetu kilipita mbali. Hakuna mtu hapa anayefunga maharage ya unyevu huo kwenye gunia. Tungefungaje ubao wa unyevu huo ndani ya fiba?

Tukawaambia wavuvi: mkaratusi hapana. Na hapa lazima tuseme ukweli, juu ya ushauri uliofuata tulikosea sisi wenyewe. Tuliwaambia wachukue mvule. Butembo ni mji wa mbao. Zinatoka upande wa Beni na Mambasa, na mvule na libuyu ni majina ambayo kila seremala anayajua. Mvule hauozi upesi, kila mtu anasema hivyo, na ni kweli. Wakanunua ubao mnene, mkavu, mzuri sana. Wakaupaka rezini ya poliesta, wakaubana. Siku ya tatu rezini ilikuwa bado inanata kama asali. Wakaubandua kwa mikono.

Kumbe mvule una mafuta yake ya asili. Ndiyo yanayoukinga na wadudu na kuvu, na ndiyo hayo hayo yanayozuia poliesta isikauke. Swali letu lilikuwa baya tangu mwanzo. Tulikuwa tunauliza ni mti gani hauozi, kumbe ndani ya mashua ya fiba cha kuuliza ni ubao gani utashikamana na fiba na kubaki mkavu. Mti usiooza lakini usioshika gundi haubebi motere.

Kwa sababu hiyo hiyo, msikubali ubao uliopakwa vidanji. Tunajua, vidanji inasaidia nguzo za ua, na mafundi wengi wanaipenda. Lakini rezini haishiki juu ya mafuta, wala msasa hauwezi kuyatoa.

Kilichofaa mwishowe ni multiplex, zile mbao za karatasi nyingi za mti zilizogundishwa kwa kupishana. Kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda pande mbili, haivimbi upana kama ubao mzima. Lakini si kila multiplex. Nyingine ni ya kabati na dari, gundi yake inayeyuka kwa maji. Mbele ya kununua, ombeni kipande kidogo, mkichemshe muda wa kupika maharage (maharage ya huku Alimbongo yanayochelewa kuiva, si ya bondeni), mkianike, mkichemshe tena. Kikifunguka kama kurasa za kitabu, mrudishieni mwenye duka. Angalieni na ukingo wake: ukiona matundu katikati ya karatasi, hapo maji yatapata chumba cha kulala. Ile inayoitwa ya baharini ndiyo bora, lakini isipopatikana, ile ya gundi nyeusi inayovumilia kuchemshwa inatosha kwa kazi hii.

Unene upimwe kwenye ubao wa zamani, kusudi mdomo wa motere uingie. Pale tulikuta milimita 36, kwa hiyo vipande viwili vya 18 vilivyogundishwa pamoja. Ukuta wa sentimita 120 kwa 50 unapata vipande vyote viwili ndani ya ubao mmoja wa 122 kwa 244, na zaidi ya nusu inabaki. Koperative mbili zinaweza kununua pamoja.

Upande wa gundi, poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo iliyojenga mashua zenyewe. Epoksi ni ghali, lakini inashika mti na fiba ya zamani vizuri zaidi, na inapitisha maji kidogo. Kwa kazi ya kutengeneza tunasema epoksi, hata kama mweka hazina atakunja uso. Mkianza na epoksi, endeleeni nayo. Poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Na kitambaa kiwe kile kilichofumwa. Mkeka wa nyuzi fupi mara nyingi una gundi inayoyeyushwa na poliesta tu, kwenye epoksi unabaki mgumu na hewa ndani.

Kipimo kifuateni kama kilivyoandikwa kwenye mkebe. Kwenye poliesta, dawa ya kukausha ni gramu 10 mpaka 20 kwa kilo ya rezini, na kwenye joto la ziwani mshike upande wa 10. Kwenye epoksi, kuongeza dawa hakuharakishi, kunaharibu. Mtu mmoja alituuliza kama mashua ingeweza kupakiwa ije itengenezwe Alimbongo, kwenye hangari ya viazi. Hapana. Ziwa liko kwenye mita 912 na lina joto. Sisi tuko juu ya mita 2000, na usiku wa baridi na ukungu huku unaacha rezini ikiwa bichi. Kazi ifanyike kule kule, kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, chini ya kivuli chenye hewa. Dawa ya kukausha poliesta inapofusha. Vaeni miwani na glavu, na asiwepo mtu anayevuta sigara. Vumbi la fiba lisiingie kifuani.

Fundi alikata ngozi ya ndani, akaacha ya nje, akatoa uozo wote mpaka akaona fiba safi, akaacha siku kadhaa ikauke. Fiba ya zamani aliisaga kwa mteremko: kama ni milimita 5, mteremko wa sentimita 6, kusudi mpya ipate fasi ya kushika. Multiplex ilipakwa epoksi pande zote sita mbele ya kuingia, na kingo zilipakwa mara tatu maana ndizo zinazokunywa. Gundi ya kubandikia ilikazwa kwa unga laini wa msumeno, mkavu, uliochekechwa.

Kiisha matundu ya bulon. Hapa tulisimama pale pale juu ya kichwa cha fundi, naye hakufurahi. Kila tundu lilitobolewa kubwa kuliko bulon, likajazwa epoksi nzito, likaachwa kukauka, ndipo likatobolewa tena kwa kipimo cha bulon katikati ya ile epoksi. Bulon sasa inapita ndani ya bomba gumu, haigusi mti. Tundu la kutolea maji vile vile. Ni kazi ya siku mbili zaidi, na bila hiyo multiplex ya bei yoyote itakuwa nyeusi kama ya kwanza.

Ule ubao wa mvule haukutupwa. Ulikatwa pedi mbili, moja nje na moja ndani, pale mdomo wa motere unapobana. Umefungwa kwa bulon, bila gundi, ili siku ukichakaa ubadilishwe tu.

Na mikaratusi ya Alimbongo iliuzwa pia. Wavuvi walichukua magogo 12 ya mviringo, yaliyokwisha kumenywa gamba, ya kuvingirishia mashua wakati wa kuipandisha ufukweni. Walilipa kama walivyoahidi, nusu samaki. Mweka hazina aliandika kwenye daftari "magogo ya kuvingirisha", akapigia mstari.