Demokrasia na Uzalishaji: Funzo la Korosho

Wako wenzetu wanaodhani kwamba demokrasia ni pambo, la kutafutwa tumbo likishashiba. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliikataa fikra hiyo. Ulieleza kuwa jambo linalowapa watu uwezo zaidi wa kujiamulia mambo yao ni la maendeleo, hata kama haliwaongezei chakula. Lakini kusema na kutenda ni mambo mawili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Madaraka yakapelekwa mikoani, kwa watendaji, si kwa wananchi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na ununuzi wa mazao ukashikwa na mamlaka za mazao.

Hatusemi vyama vile vilikuwa safi. Wizi na upendeleo vilikuwamo, tena sana. Ila mwanachama aliyeibiwa alikuwa na mkutano wa kumwondoa mwizi. Mbele ya mamlaka ya zao alikuwa na foleni tu.

Tutazame korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei ndogo pia. Lakini wakati wa Operesheni Vijiji wakulima wengi wa kusini walihamishiwa mbali na mikorosho yao, ikamezwa na vichaka. Mtendaji alihesabu kaya zilizohamia. Nani alihesabu miti iliyoachwa? Aliyeijua hesabu hiyo ni mkulima, na ndiye ambaye hakuulizwa.

Tutaulizwa: mbona katika miaka hiyo hiyo zahanati na shule zilienea, na watu wazima wakajifunza kusoma? Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini zahanati huhitaji dawa, na dawa hununuliwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao kama hayo ya korosho. Zao lilipoanguka, huduma nazo ziliyumba.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Sheria za 1982 zilikwisha kuvirudisha vyombo hivyo. Mazoea ya kuhoji hayarudishwi na sheria. Kada afikapo kijijini asianze na hotuba. Aombe daftari la mihutasari ya mkutano mkuu wa kijiji, aangalie ni lini mapato na matumizi yalisomwa mara ya mwisho, na nani aliuliza swali.