Ujuzi wa Wazee wa Reli: Amana Isiyoandikwa

Reli ilipoanza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Changamwe ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za bara kupitiwa nayo. Tangu hapo, vizazi vya wazee wetu vilipata riziki yao relini: madereva, wachochea moto, mafundi na wapakiaji. Leo abiria wa Nairobi huondokea Miritini kwa treni ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017, na watoto wetu wengi hawajapata kuusikia mlio wa garimoshi la mvuke.

Yaliyosifika zaidi katika njia ya Mombasa na Nairobi yalikuwa magarimoshi 34 ya daraja la 59, yaliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock mjini Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Kila moja lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 250 hivi. Hayakuwahi kuundwa magarimoshi ya mvuke yenye nguvu kuliko hayo kwa reli ya upana wa mita moja. Yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, nayo yaliburura shehena kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kufikia mwaka 1980 yote yalikuwa yamekwisha ondolewa kazini.

Kulitunza garimoshi la namna hii ni kazi ya subira. Kila mama anaijua birika ya chai inayochemshiwa maji ya kisima chenye chumvi: haichukui muda ila ndani yake hufanya utando mgumu mweupe. Boila la garimoshi nalo huwa vivyo hivyo. Utando ukizidi, moto hauyafikii maji sawasawa, chuma hupata joto kupita kiasi na kudhoofika. Kwa hiyo lazima boila lifunguliwe, lisafishwe, mabomba yake yakaguliwe moja moja, kisha lijaribiwe kwa shinikizo la maji kabla ya kutiwa moto. Moto wenyewe huwashwa tartibu kwa saa nyingi, ili chuma kitanuke bila kupasuka. Na maji yakishuka chini ya kiwango juu ya tanuri, boila laweza kulipuka na kuua. Fundi mzoefu hulijua garimoshi lake kwa sauti, kwa harufu ya mafuta, na kwa kugusa chuma kwa mkono. Mengi ya hayo hayamo vitabuni.

Wenzetu wa Wales waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1951 reli ndogo ya Talyllyn, iliyokuwa karibu kufungwa, ilichukuliwa na watu wa kujitolea, ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Tangu hapo, katika reli nyingi za namna hiyo, walimu, makarani na wastaafu hutoa siku zao za mapumziko bila ujira. Anayeanza hupewa kitambaa afute masizi. Baadaye hufundishwa kupaka mafuta, kisha kuchochea moto, na mwisho kuendesha. Mzee humkabidhi kijana, na kijana naye huja kuwa mzee.

Hapa Kenya, Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi magarimoshi kadhaa. Mojawapo ni namba 5918, Mount Gelai, lenye jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikarabatiwa likaweza kutembea tena kwa mvuke wake lenyewe. Mafanikio hayo yaliwezekana kwa kuwa walikuwapo bado watu walioijua kazi.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 mvuke ulipokoma mwaka 1980, alitimiza miaka 70 mwaka 2025. Chuma kikipata kutu hung'arishwa, na kipande kilichovunjika huweza kuchongwa upya. Lakini mzee akizikwa na ujuzi wake, hakuna karakana ya kuufufua.

Basi tusingoje makumbusho yatufuate. Aliye na babu au mjomba aliyefanya kazi relini na akae naye baada ya alasiri, amuulize: Ulijifunza kwa nani? Ulijuaje kwamba boila lina kasoro? Majibu yarekodiwe kwa simu, kwa idhini yake. Kina bibi nao waulizwe, maana wao ndio walioendesha nyumba waume zao walipolala safarini, na habari zao ni nusu ya historia hii. Picha za zamani, vyeti na spana zilizosahauliwa sandukuni zitunzwe, zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Saa moja ya kumsikiliza mzee ni kujitolea pia, na kila familia yaweza kuimudu.