Vitenzi Mabingwa wa Kibera na Kawangware

Kwa miaka mingi, kitenzi cha Kiingereza chenye maana nyingi kuliko vyote kilikuwa set: kamusi ya Oxford ya 1989 iliorodhesha maana 430. Kufikia 2011 wahariri wake walikuwa wamemvua taji na kumvisha run, aliyepewa maana 645. Mitaani kwetu Nairobi, hata hivyo, aliyeshindwa ndiye anayefanya kazi. Kawangware unaseti nywele saluni, fundi anaseti runinga yako, na ukikamatwa kwa kosa la mwenzako unalalamika kwamba umesetiwa.

Kitenzi kilichokubalika haraka shuleni, tena bila kupendwa, ni feli. Kilatini chake cha kale kilihusu kudanganya. Kikapita Ufaransa, kikaingia Uingereza, kikatua kwetu na mitihani. Siku hizi kimo kwenye kamusi za Kiswahili na kinanyambulika kama mzaliwa: felisha, felishwa. Mtoto wa Kibera hasemi alifeli mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyemfelisha.

Kilichobadilika tabia kuliko vyote ni chill. Kwa Waingereza wa kale kilikuwa baridi tu. Katikati ya miaka ya 2000 kampeni ya Nimechill ilikitumia kuwahimiza vijana wa Kenya wasubiri kabla ya kuanza ngono. Nenda uwaulize vijana wa leo kuchill ni nini. Utajibiwa kukaa na marafiki, pengine na soda.

Lakini mbio ndefu kuliko zote ni za hustle. Kilianzia Uholanzi kikiwa na maana ya kutikisa, kikaingia Kiingereza karne ya 17, na watu wakawa wanatikisa sarafu ndani ya kofia wakicheza kamari. Baadaye kikawa kusukumana, kisha kupora. Karne ya 19 hasla alikuwa mwizi, na Marekani ilimwongezea ulaghai. Huku kwetu kimeitwa haso na kuoshwa kabisa. Alfajiri wanaume wa Kibera wanafuata reli kwa miguu kwenda Industrial Area kusaka kibarua. Huko Kawangware akina mama fua wanaketi kando ya barabara wakingoja mwenye nguo chafu. Ukimuuliza mmoja habari za kazi atakujibu, "Nahaso tu." Hasemi anaiba, wala hasemi ameajiriwa. Kwa Kiswahili sanifu ningehitaji kuhangaika, kujitafutia na kubahatisha kwa pamoja, na bado jua la saa saba lingekosekana.

Wanasiasa nao wakanusa. William Ruto alijiita hasla, akainadi wilbaro ya chama chake cha UDA, akaapishwa kuwa rais Septemba 2022. Novemba 30 mwaka huohuo akazindua Hazina ya Hasla, mkopo wa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sijui kitenzi kingine cha kuazima kilichofika Ikulu kwa kasi hiyo. Wengi waliokizoea tangu zamani wangali wanafuata reli ileile.

Kwangu mimi taji ni la haso. Wahariri wa kamusi zetu wakija kukisajili, wapande matatu ya 46 hadi Kawangware, wawaulize wanaohaso wenyewe, wala wasinakili maana ya Kiingereza.