NANI ANAMFUNDISHA BINTI YAKO?

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Newala au Masasi unajua sauti ya ngoma za unyago. Huzisikia shule zinapofungwa, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Wali hutolewa nje wakiwa wamevaa khanga mpya. Ndugu na jamaa huwatuza fedha. Siku hiyo ni siku ya furaha.

Halafu shule hufunguliwa. Mwalimu huita majina. Baada ya miezi michache msichana mmoja haitiki. Kijiji kizima kinajua sababu. Msichana huyo ana mimba.

Hapo lawama huanza. Mwalimu humlaumu kungwi. Kungwi humlaumu mama. Mama huzilaumu simu. Baba hunyamaza, na mjomba husema hakuambiwa mapema. Je, lawama hizo zimemsaidia msichana gani? Tuache kulaumiana kidogo, tuzitazame sababu moja baada ya nyingine.

MIMBA HIZI NI NGAPI?

Mwaka 2022 Serikali ilifanya uchunguzi wa afya ya uzazi katika nchi nzima. Katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Hesabu imepungua, na hilo ni jambo jema. Lakini 22 katika 100 ni zaidi ya mmoja katika kila wasichana watano. Hesabu wasichana watano wa mtaa wako, nawe utaona uzito wa jambo hili.

UNYAGO WA ZAMANI NA UNYAGO WA LEO

Wamakonde, Wamakua na Wayao wamewafundisha watoto wao kwa jando na unyago tangu zamani. Unyago ulikuwa shule. Binti alifundishwa usafi, heshima kwa wakubwa, kazi za nyumbani, na namna ya kuishi na mume. Wakati huo mafundisho hayo yalikuwa na mpango wake. Binti alivunja ungo, akafundishwa, na baada ya muda mfupi akaolewa. Aliyofundishwa aliyatumia katika nyumba yake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1977 watoto wote wanatakiwa kusoma shule ya msingi. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne. Binti akichezwa unyago akiwa na miaka 10 au 11, bado ana miaka mingi ya kusoma. Wengine huchezwa hata kabla ya kuvunja ungo.

Fikiri juu ya mtoto huyo. Leo anaambiwa, "Sasa wewe ni mtu mzima." Anafundishwa mambo ya mume na mke. Kesho anavaa sare, anarudi darasa la tano. Ana mafundisho ya mke, lakini hana mume, na umri wa kuwa naye bado. Wanaume wa kijiji nao wameziona ngoma. Wengine humhesabu kuwa ameiva.

Hapa ndipo penye ufa. Binti amefundishwa kwamba amekua, lakini mara nyingi hakufundishwa jinsi mimba inavyoingia, wala jinsi ya kumkataa mtu anayemtaka.

SABABU NYINGINE

Tusiutwike unyago mzigo wote. Hata mahali pasipo na unyago wasichana hupata mimba. Ziko sababu nyingine, nawe unazijua.

Shule za sekondari za kata zimeongezeka, lakini vijiji vingine bado viko mbali nazo. Wasichana wengine hupanga vyumba karibu na shule na kuishi bila mtu mzima. Wengine hupewa lifti na vijana wa pikipiki. Lifti ya leo hugeuka kuwa deni la kesho.

Umaskini nao una nguvu. Msichana anahitaji daftari, sabuni na taulo za kike. Mzazi asipompa, anaweza kutokea mwanamume wa kumpa. Mwanamume mzima anayewarubuni wasichana wadogo kwa fedha tumekwisha kumpa jina. Tunamwita fataki. Msimu wa korosho unapofika fedha huingia vijijini, na mafataki huongezeka.

MWILI HAUJUI HABARI ZA SHULE

Soma sehemu hii polepole. Msomee na binti yako, na msomee na kijana wako wa kiume.

Msichana akianza kupata hedhi, mwili wake unaweza kushika mimba. Haidhuru ana miaka 12 au 20. Anaweza kushika mimba hata akilala na mwanamume mara moja tu. Anaweza kushika mimba mara ya kwanza kabisa. Kuoga baadaye hakuzuii mimba. Wasichana wengi wamedanganywa kwa maneno hayo, wakayaamini kwa sababu hakuna aliyewaambia ukweli.

Kushika mimba ni jambo moja, kuzaa salama ni jambo lingine. Nyonga za msichana mdogo bado hazijakomaa. Mtoto anaweza kukwama wakati wa kujifungua. Akikwama muda mrefu bila msaada, mtoto huweza kufa, na njia ya mkojo ya mama huweza kutoboka. Mama huyo hutokwa na mkojo bila kujizuia. Ugonjwa huo huitwa fistula, nao hutibika hospitalini. Tena wasichana wenye umri chini ya miaka 20 wako katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Ipo pia hatari ya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa.

WATU WANABISHANA

Wako wanaosema, "Watoto wasifundishwe mambo haya. Ukiwafundisha, utawaamsha." Wanaosema hivyo wanawapenda watoto wao. Tuwajibu kwa heshima.

Kwanza, watoto wetu wamekwisha kuamshwa. Binti aliyechezwa unyago amefundishwa. Kijana aliyetoka jandoni amefundishwa. Mwenye simu hujifunza katika simu. Kwa hiyo tunachoulizana ni nani amfundishe, amfundishe lini, na amfundishe nini. Wazee walisema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Pili, jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2018 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo baada ya kukusanya uchunguzi wa nchi nyingi. Mafundisho ya uzazi hayakuonekana kuwafanya vijana waanze mapema kulala pamoja. Mahali pengine vijana waliofundishwa vizuri walichelewa kuanza.

Wako wengine wanaosema, "Unyago upigwe marufuku kabisa." Nao tuwajibu. Ukipiga marufuku ngoma, unaweza kuifanya ichezwe kwa siri. Tena kungwi anasikilizwa na wasichana kuliko sisi wengine wote. Mtu wa namna hiyo tunamhitaji.

Wengine husema, "Mzazi hawezi kuzungumza mambo haya na mtoto wake wa kumzaa. Ni aibu." Ni kweli, katika mila zetu si rahisi. Lakini mila hiyo hiyo imetupa bibi, shangazi, kungwi na mjomba. Kama mama anaona haya, bibi na aseme. Mficha uchi hazai.

MILA HUBADILIKA

Usidhani kwamba mila haiguswi. Hapa hapa Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuipiga marufuku jando. Yeye na Wakristo wenyeji waliondoa mambo waliyoona hayafai, wakaweka mafundisho ya dini yao. Jando iliendelea ikiwa na sura mpya.

Wala usidhani kwamba sisi hatuwezi kuzungumza mambo ya aibu. Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wakulima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Walizungumza habari za choo na kinyesi mbele ya wakwe na watoto. Halafu walikwenda kuchimba vyoo. Watu kama 2,000,000 walishiriki. Kama tuliweza kuzungumza habari za choo kwa ajili ya uhai wetu, tunaweza kuzungumza habari za mimba kwa ajili ya watoto wetu.

SHERIA INASEMAJE?

Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inasema hivi: mtu akimwoa au akimpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia mwanafunzi aozwe naye ana kosa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, wazazi wakikubali. Rebeca Gyumi alipeleka jambo hilo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu hiyo.

Lakini sheria haina miguu. Mara nyingi wazee wa pande mbili hukaa usiku na kumalizana. Fedha hutolewa, na kesi hufa. Fedha hizo huisha katika mwezi mmoja. Mtoto wa kulea anabaki.

Je, binti aliyekwisha kuzaa amekwisha? Hapana. Zamani alifukuzwa shule. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema wasichana waliozaa hawatarudi katika shule za Serikali. Novemba 2021 Serikali ilibadili jambo hilo. Tangu hapo msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba ameruhusiwa kurudi. Viko pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama vile cha Masasi na cha Newala. Basi mama mzazi, usimwambie binti yako kwamba maisha yake yamekwisha. Mlee mjukuu, naye arudi kusoma.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya msimu wa unyago, mkutano wa kijiji uwaite makungwi, walimu, viongozi wa dini na mganga wa zahanati. Wakubaliane mambo ya kufundisha kwa mtoto wa miaka 11, na mambo ya kungoja mpaka akaribie kuolewa.

2. Kungwi amwambie kila mwali maneno haya: "Umeanza kukua, lakini bado hujawa mke. Mwili wako unaweza kushika mimba. Mtu akikulazimisha, au akikupa fedha, njoo uniambie."

3. Jandoni wavulana nao wafundishwe. Mimba haiingii kwa msichana peke yake.

4. Mwalimu asiruke ukurasa wa balehe katika kitabu cha sayansi. Mzazi asimgombeze mwalimu aliyeufundisha.

5. Korosho zikiuzwa, toa kwanza fedha za mahitaji ya binti yako. Usimwachie fataki kazi yako.

6. Wazazi wajenge hosteli au watafute mama mwaminifu wa kuishi na wasichana waliopanga mbali.

7. Ukiona mtoto anadhulumiwa, toa habari kwa mtendaji wa kijiji au katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo.

Ndugu msomaji, ngoma zitalia tena shule zikifungwa. Zikilia, binti yako awe tayari ana ukweli aliousikia kwa mtu anayempenda. Anza na jambo la kwanza. Mwombe mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu wasichana huchezwa unyago wakiwa na umri gani?
2. Nani katika ukoo wako anaweza kuzungumza na binti yako bila kuona haya?
3. Wasichana wangapi wa kijiji chenu wameacha shule kwa sababu ya mimba? Nani atakwenda kuwaambia kwamba wanaweza kurudi?