Ndia Kuu haisomwi magazetini

Kila KUCCPS, shirika la udahili la serikali, inapogawa nafasi za vyuo vikuu vya umma, magazeti ya Kenya hukimbilia kozi zilizokosa waombaji. Historia, falsafa na lugha zikitajwa, hutajwa kama hasara tupu. Lakini pita barabara ya Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mji huo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Fort Jesus iliyo jirani ikaingia orodha ya UNESCO mwaka 2011. Uhifadhi huo haufanikiwi kwa saruji pekee: lazima awepo mtu wa kusoma nyaraka za Kireno na Kiarabu, kuchimbua vigae na kueleza roshani na milango ya nakshi ni ya zama zipi. Mtembeza watalii anauza maarifa hayo, na muuza kofia wa pembeni anakula kwayo.

Watasema wahitimu wa masomo haya hawana ajira. Ni kweli wengi wanahangaika. Ila mwaka 2024 madaktari waligoma, dai mojawapo likiwa kuajiriwa kwa wenzao wa mafunzo kazini, na hakuna mhariri aliyeshauri udaktari ufutwe. (Wala asingethubutu!) Tatizo ni uchumi, gazeti linalaumu kozi. Kwingine wasomi wa aina hii huheshimiwa: Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere, alipewa na BBC mfululizo mzima wa runinga mwaka 1986 aieleze Afrika. Vituo vyetu vya runinga humwita mwanahistoria siku ya mazishi ya kiongozi, dakika tatu, kisha matangazo ya biashara.