Watu Elfu Moja na Kura Moja: Utangulizi wa Elimu ya Uchaguzi

Kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, kampuni za Ipsos, TIFA na Infotrak zilitangaza tafiti zao za mwisho za maoni ya wapigakura, na zote tatu zilimweka Raila Odinga mbele ya William Ruto. Tume ya uchaguzi ilipomaliza kujumlisha, Ruto alikuwa na asilimia 50.49, Odinga 48.85. Baada ya uchaguzi wa namna hii hukumu mbili husikika kila penye kikao cha siasa. Ya kwanza husema kwamba kura za maoni ni porojo za kununuliwa. Ya pili, ambayo hutoka zaidi kwa vijana, husema: hata nikienda, kura yangu moja itabadilisha nini?

Elimu ninayokukaribisha humu imejengwa juu ya malalamiko hayo mawili. Haiyapuuzi wala haiyakubali kama yalivyo; huyageuza kuwa maswali yanayopimika. Je, watu elfu moja wanaweza kuwasemea mamilioni? Na je, mtu mwenye akili zake ana sababu gani ya kupanga foleni alfajiri kwa ajili ya karatasi moja? Vitabu vingi huyaweka maswali haya katika sura mbili zisizojuana. Mimi naona yamefungwa pamoja. Utafiti wa maoni hupima vizuri kiasi nani anapendwa. Linaloushinda ni kujua nani atatoka nyumbani. Na anayeamua kutoka au kubaki ni yule yule anayejiuliza kama kura yake ina maana.

Namna ya kuchagua wachache

Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia zima chini. Hulichoma kwa bambo, akatazama punje zilizotoka, akajua anauziwa nini. Ujuzi wake uko katika kuchagua pa kuchoma. Akichoma juu tu, pale muuzaji alipopanga punje nzuri, atakwenda nyumbani na chenga.

Jarida la Marekani la Literary Digest lilichoma juu mwaka 1936. Lilituma kadi zaidi ya milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na kwa wingi huo likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule wa mdororo mkuu wa uchumi, mwenye simu na gari hakuwa mwananchi wa kawaida. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko jarida hilo lakini kwa kuwachagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa. Tangu hapo wanafunzi wa fani hii hufundishwa kwamba wingi wa wahojiwa hautibu uchaguzi mbaya wa wahojiwa.

Kanuni ya leo ni bahati nasibu: kila mtu mzima awe na nafasi inayojulikana ya kuangukiwa na kura ya kuhojiwa. Ukiwapata watu 1,000 kwa njia hiyo, kiwango cha makosa huwa kama pointi 3 juu au chini. Ukiwapata 2,400, hushuka hadi pointi 2. Mgeni katika fani hujikwaa hapa, kwa kuwa akili hukataa kwamba hesabu hiyo haijali kama nchi ina watu milioni 5 au milioni 60. Lakini ndivyo ilivyo, mradi bahati nasibu iwe ya kweli.

Jambo la pili la kushika ni kwamba pointi hizo 3 zinahusu fungu la mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili wanaokabana hubeba kosa linalokaribia maradufu. Rudi kwenye takwimu za TIFA za mwisho mwaka 2022: Odinga 46.7, Ruto 44.4. Pengo la pointi 2.3 katika utafiti wa namna hiyo maana yake ni kwamba hakuna anayejua nani yuko mbele. Aliyetangaza kwamba Odinga anaongoza alisema zaidi ya kilichopimwa. Utetezi huo, hata hivyo, hauwafai wote. Ipsos na Infotrak walionyesha mapengo ya pointi 6 na 7, na mapengo hayo yanadai maelezo mengine.

Makosa yasiyo na kanuni

Maelezo hayo huanzia mlangoni pa mhojiwa. Afrobarometer, mtandao wa watafiti ulioanza kazi mwaka 1999, huhoji watu ana kwa ana katika lugha zao, na mwisho wa mahojiano humwuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma. Wengi hujibu kwamba ni serikali. Mtu anayeamini kwamba mbele yake kakaa sikio la mkuu wa wilaya atachagua maneno. Claire Adida na wenzake walichambua data za mtandao huo kutoka nchi 14 na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba majibu hubadilika kulingana na kabila la anayeuliza, hasa maswali yanapogusa ukabila wenyewe. Kiwango cha makosa kinachochapishwa chini ya jedwali hakihesabu hata chembe ya haya.

Tanzania ilitupa somo lake mwaka 2015. Mwezi Septemba taasisi ya Twaweza ilitangaza matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wa simu kwa Tanzania Bara: John Magufuli asilimia 65, Edward Lowassa asilimia 25. Ili wasio na simu wasiachwe nje, wahojiwa wa mpango huo walikuwa wamegawiwa simu na chaja za sola. Matokeo ya uchaguzi wa Oktoba yalikuwa asilimia 58 na 40. Je, utafiti ulipatia au ulikosea? Mshindi ulimpata. Lakini pengo la pointi 40 lilishuka hadi 18. Huenda kampeni za mwezi mmoja zilivuta watu, huenda wafuasi wa upinzani walificha mioyo yao, huenda yote mawili. Mtafiti mwangalifu hachagui jibu linalompendeza. Hutafuta data itakayotenganisha maelezo hayo.

Kenya ilikwenda njia ya sheria. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni inamtaka mchapishaji aeleze nani aliyelipia utafiti, wangapi walihojiwa, lini na kwa maswali gani, na inakataza kuchapisha matokeo ndani ya siku tano kabla ya uchaguzi. Nyuma ya katazo hilo kuna imani kwamba takwimu husukuma watu. Wataalamu bado wanabishana zinasukuma upande gani: wapo wanaofuata upepo wa mshindi, wapo wanaomwonea huruma anayeshindwa, na wapo wanaosema mambo yamekwisha, wakabaki nyumbani. Hao wa mwisho ndio wanaotuvusha kwenda nusu ya pili ya elimu hii.

Hesabu ya mtu mmoja

Mwaka 1957 Anthony Downs, mchumi wa Marekani, aliuliza swali la kuudhi. Kupiga kura kuna gharama: kujiandikisha, nauli, saa za foleni, kibarua cha siku kilichopotea. Faida ni kile utakachopata mgombea wako akishinda, lakini lazima uizidishe kwa uwezekano wa kura yako kuwa ndiyo iliyoamua. Uwezekano huo ni mdogo mno. Andrew Gelman, Nate Silver na Aaron Edlin walikadiria kwamba katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2008 ulikuwa, kwa wastani, kama mmoja kati ya milioni 60. Kwa hesabu hiyo mwenye akili angebaki kitandani. Mbona basi mamilioni huamka?

William Riker na Peter Ordeshook walijibu mwaka 1968 kwa kuongeza kitu upande wa faida: wajibu, fahari ya kushiriki, utulivu wa dhamiri. Wakosoaji waliona jibu hilo linazunguka, kwa kuwa ni kusema watu hupiga kura kwa sababu wanapenda kupiga kura. Jibu lenye nguvu zaidi kwangu ni lile lililokuja baadaye, la Edlin, Gelman na Noah Kaplan. Nchi ikiwa kubwa, uwezekano wa kuamua hupungua. Lakini watu watakaoguswa na uamuzi nao huongezeka. Anayepiga kura kwa ajili ya mfuko wake peke yake ana hoja dhaifu. Anayewafikiria wanafunzi wote wa nchi na wajawazito wote wa zahanati zote ana hoja inayosimama hata mbele ya mchumi.

Msomaji wa pwani ana haki ya kuongeza ushahidi wake. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake, Pemba, liliamuliwa kwa kura moja. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, chama cha ZNP 9, na chama cha ZPPP 3. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa Afro-Shirazi, Baraza la Kutunga Sheria likagawanyika sawa, 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, ukaandamana na ghasia zilizoua watu 68. Na asidhanie mtu kwamba kila kura ina uzito mmoja. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo iliyokwisha kuyashinda. Uzito wa kura hutegemea mahali inapopigwa na kanuni za kugawa viti.

Watu pia hawaendi kituoni wakiwa wamebeba kikokotoo. Mwaka 2006 huko Michigan, Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer walifanya jaribio lililohusisha kaya zipatazo 180,000. Waliopelekewa barua yenye kuonyesha nani katika mtaa wao alipiga kura na nani hakupiga, walijitokeza zaidi kwa takriban pointi 8 kuliko wasiopata barua yoyote. Aibu mbele ya jirani ilifanya kazi kuliko mahubiri ya uzalendo. Kwetu, ambako wino wa kidoleni humtangaza aliyekwenda, jambo hilo halihitaji kufafanuliwa sana.

Wasiokwenda

Sasa maswali mawili yakutane. Kenya mwaka 2022 ilikuwa na wapigakura walioandikishwa milioni 22.1, waliopiga ni kama milioni 14.3. Tofauti kati ya Ruto na Odinga ilikuwa kura 233,211. Waliobaki nyumbani, ukihesabu na waliofariki huku majina yao yakiendelea kukaa daftarini, walikuwa zaidi ya mara thelathini ya tofauti hiyo. Igawe tofauti kwa vituo vilivyozidi 46,000 na utapata kura tano kwa kila kituo. Watu watatu katika kila kituo wangehamia upande wa pili, Odinga angekuwa mbele na nchi ingeelekea duru ya pili, kwani hakuna ambaye angevuka asilimia 50. Miaka tisa nyuma, katika uchaguzi wa 2013, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 86. Mwaka 2022 walikuwa 65. Mhojiwa anayejibu kwenye simu kwamba atapiga kura hasemi uongo siku hiyo. Ila asubuhi ya Jumanne ya uchaguzi ni mbali.

Kutokwenda nako kuna aina zake. Yuko mwanafunzi aliyejiandikishia kijijini na siku yenyewe imemkuta mjini. Yuko aliyechoka. Yuko anayesusa kwa makusudi, kama ilivyokuwa katika marudio ya uchaguzi wa rais ya Oktoba 2017 nchini Kenya, ambako Odinga alijitoa na waliojitokeza wakawa chini ya asilimia 40. Na yuko anayeamini kwamba kura hazihesabiwi kwa haki. Huyu hajibiwi kwa hesabu za Downs, maana shaka yake inahusu watu na taratibu: wakala, karani, fomu, mahakama. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais Septemba 2017, na Malawi ikafuata Februari 2020, thamani ya kura ilipata mlinzi mwingine. Tume ya Kenya ilipoweka fomu za 34A, zenye matokeo ya kila kituo, mtandaoni mwaka 2022, mwananchi yeyote aliweza kujumlisha mwenyewe.

Ukiingia katika elimu hii, jizoeze kuuliza utafiti wowote mambo manne: wahojiwa walipatikanaje, nani amelipa, wangapi walikataa kujibu, na mtafiti amekadiriaje nani atajitokeza. Swali la nne ndilo lisilo na jibu zuri bado katika nchi zetu, na ndilo linalosubiri watafiti wapya. Usianze na urais. Anza na kata yako: tafuta idadi ya walioandikishwa, waliopiga, na tofauti ya kura kati ya diwani aliyeshinda na aliyemfuata. Linganisha waliobaki nyumbani na tofauti hiyo, kisha kaa na watu wa mtaa uwaulize kwa nini hawakwenda. Wachache wamewahi kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu, na haihitaji fedha za mfadhili.