Mbwa Anapotokwa na Damu Sehemu za Siri

Matone machache ya damu barazani, au mbwa kujilamba kati ya miguu kutwa nzima: hizo ndizo dalili za mwanzo, nazo aghalabu hupuuzwa, kwani wenye nyumba huona haya kumchungulia mnyama mahali hapo. Siku wanapochungulia hukuta kinyama chekundu, laini, kilichochanua mfano wa koliflawa, nacho kikiguswa hutoa damu. Hofu huingia. Wengine humtupa mbwa mbali na mtaa, wengine humtafuta mtu wa kumpiga risasi. Huko ni kumhukumu mlinzi wa nyumba kabla ya kesi kusikilizwa.

Kwanza, ndugu msomaji, si kila uvimbe ni maradhi. Dume akisisimka hutokea vivimbe viwili kwenye shina la uume wake, kisha hunywea vyenyewe; na watoto wamekwisha kupiga kelele kwa jambo hilo katika nyumba nyingi. Usaha kidogo wa manjano kwenye govi la dume nao ni wa kawaida. Jike naye hutoka damu anapokuwa katika joto, jambo linalotokea kwa kawaida mara moja au mbili kwa mwaka. Lakini damu isiyokoma wiki baada ya wiki, pamoja na kinyama kinachokua, yataka daktari wa mifugo.

Mintarafu ya uvimbe wenyewe, ulio mashuhuri zaidi kwa mbwa wanaozurura ni saratani ya ajabu, kwa maana huambukiza. Mwaka 1876 tabibu wa wanyama wa Urusi, Novinsky, alifaulu kuipandikiza kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Hakuna kirusi wala kijidudu kinachoieneza; chembe hai za uvimbe ndizo zinazohama wakati wa kupandana, au mbwa wanaponusana na kulambana, ndiyo maana mara nyingine huota puani au mdomoni. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba chembe zote hizo, popote duniani, ni uzao wa mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Binadamu haambukizwi.

Daktari huchukua chembe kidogo za uvimbe, akazipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Zikithibitika, dawa ipo. Huitwa vinkristini, na asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ambao wengi wetu tumeupanda uani kwa urembo tu. Hudungwa katika mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, pengine nane. Mbwa walio wengi hupona kabisa. Kukata kwa kisu peke yake hakutoshi mara nyingi, maana uvimbe huweza kurudi; na mrututu au oili chafu ya gari huunguza nyama na kumtesa mnyama bure.

Hata hivyo dawa hiyo si ya kuchezewa. Ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Pia hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo damu hupimwa kabla ya kuendelea. Asiidunge mtu asiye na ujuzi. Siku chache baada ya kila sindano, mkojo na kinyesi cha mbwa visafishwe kwa glavu, na watoto na mama wajawazito wakae mbali navyo. Uliza gharama ya sindano zote kabla ya kuanza, kwa kuwa kuachia njiani ni kupoteza fedha na mbwa pia.

Muda wote huo mbwa afungwe au awekwe ndani ya ua, na jirani mwenye mbwa aambiwe waziwazi ili naye amkague wake. Kumhasi dume, au kumtoa jike kizazi, hupunguza sana uzururaji unaoleta maradhi haya. Kwa ushauri, aanzaye aende kwa ofisa mifugo wa wilaya yake. Walio karibu na Morogoro wanacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako madaktari wa wanyama hufundishwa.